Nyonga mpya, kinena kilekile

Dada Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, Kigoma, nina miaka 61. Miaka mitatu iliyopita kinena cha kushoto kilianza kuniuma. Nikinyanyuka kitini kinanikata, nikitembea hatua kadhaa kinapoa, jioni kinarudi na mwenzake. Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: ngiri. Nikanywa mizizi ya kuchemsha chupa baada ya chupa, michungu kama shubiri. Maumivu yakashuka hadi gotini. Nikapigwa picha ya goti, wakakuta goti halina shida. Mwishowe daktari mmoja, kijana tu, alinilaza chali akaukunja mguu wangu, akauzungusha, nikapiga ukelele wa kuaibisha. Akasema, "Mzee, hapa hakuna ngiri wala goti. Nyonga yako imekwisha." Picha ikaonyesha gegedu limelika lote, mfupa unasaga mfupa.

Mwezi wa 11 watoto walichanga, nikaenda kubadilishiwa nyonga katika hospitali moja Dar es Salaam. Kesho yake wakanisimamisha. Nilikaa kwa binti yangu Mbagala wiki nne, kisha nikarudi kwa treni, kitanda cha chini. Leo ni wiki ya tisa.

Yale maumivu ya kusagana yameondoka, alhamdulillah. Lakini kinena bado. Wiki ya tano nilisema nimepona, sasa yamerudi. Nikitaka kupanda kitandani lazima niushike mguu kwa mikono niupakie kama mzigo. Natembea na gongo moja, nalishika upande uleule wa mguu mbovu ili liusaidie. Nalala chali kwa lazima, na mimi tangu utoto ni mtu wa ubavu wa kushoto. Naweka mto chini ya goti, napata nafuu ya saa moja. Saa saba macho, saa tisa macho, adhana ya alfajiri inanikuta nimekaa. Mama watoto kahamia chumba cha wajukuu, anasema anaogopa kunigonga usiku. Mchana nasinzia barazani. Jioni wazee wenzangu wanakuja kunijulia hali, tunakunywa kahawa na kupiga soga mpaka saa nne.

Kazi nimeacha, isipokuwa nashona kidogo tu tangu wiki ya sita, sare za shule, maana unajua Januari kwa fundi ni mavuno. Na mguu ninaokanyagia zaidi ni wa kulia.

Natumia Panadol yakizidi, na diklofenaki asubuhi na jioni. Duka la dawa wamenipa na vidonge vya usingizi. Presha ninayo ya siku nyingi. Kliniki nilitakiwa kurudi wiki ya sita, nauli ikanishinda, na karatasi yao ya maelekezo ni Kiingereza kitupu. Shemeji yangu amempata mchuaji wa Mwandiga anayechua kwa mawese, anasema mshipa wa kinena umejikunja. Anakuja kesho kutwa.

Ninachotaka kujua: je, walikosea? Ilikuwa ngiri kweli, nikakatwa bure?

Na la mwisho, usinicheke. Jirani ameniambia mwenye chuma mwilini huitwa na radi. Mvua za Kigoma unazijua. Ikinguruma usiku, siwezi hata kujilaza.

Fundi wa Ujiji

*

Waaleikum salaam, kaka yangu fundi. Pole sana.

Kabla ya yote, mwambie shemeji yako amrudishe huyo mchuaji. Amlipe nauli, amwombe radhi, lakini mikono yake isiguse mguu huo. Nyonga ya bandia haikupigwa msumari kwenye mwili wako. Ni tufe ndani ya kikombe, na kinachozuia tufe lisitoke ni misuli na utando unaoizunguka, ambao ulifunguliwa siku ya upasuaji na bado unashikana. Mtu akiuvuta mguu na kuupindua, nyonga inaweza kuchomoka. Halafu kuna damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Hatari hiyo inapungua kadiri wiki zinavyokwenda, ila katika miezi mitatu ya mwanzo bado ipo, na donge la damu ni kitu ambacho hutaki kukandwa juu yake. Mawese yapikiwe migebuka.

Sasa swali lako kubwa. Hapana, hawakukosea. Nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikumbuki mgonjwa wa nyonga ambaye hakuwahi kuambiwa ana ngiri. Kosa hilo lina sababu. Watu wakisema "nyonga" hushika pembeni, pale mkanda unapokaa. Kiungo chenyewe kimejificha ndani, nyuma ya kinena, na mishipa ya fahamu inayokihudumia hushuka pia hadi gotini. Ndiyo maana nyonga ikioza, kinena hulia na goti huitikia. Alichofanya yule daktari kijana, kuukunja mguu na kuuzungusha, ndicho kipimo cha kitandani cha nyonga. Ngiri haipigi kelele kwa kuzungushwa mguu. Ngiri ya kinena kwa kawaida huonekana au hushikika: kivimbe kinachotokeza ukisimama au ukikohoa, kikazama ukilala. Simama, kohoa, papasa. Kama unakiona, mwonyeshe daktari, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kama hukioni, hiyo mizizi imwage.

Basi kama nyonga mbovu imetolewa, nini kinauma? Mwenyewe umenijibu bila kujua, uliposema unaupakia mguu kitandani kama mzigo. Kuna msuli mnene unaoanzia kwenye uti wa mgongo, ukapita mbele ya nyonga hapohapo kinenani, ukajishika kwenye fupa la paja. Kazi yake ni kuinua paja: kupanda ngazi, kupanda kitanda, kuingia garini. Kwa mtu aliyechechemea miaka mitatu msuli huo umekuwa mfupi na dhaifu. Kisha ukaja upasuaji, mguu ukarudishwa urefu wake, na msuli ukavutwa kwa kazi ambayo ulikuwa umeisahau. Maumivu ya namna hiyo, yanayokuja ukiinua mguu na kutulia ukiuacha, ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo na kwa wengi hufifia yenyewe.

Ila yako yalikuwa yanafifia, kisha yakarudi. Hapo ndipo nilipokamata barua yako nikaisoma mara ya pili. Wiki ya tano umepona, wiki ya sita umekaa kwenye cherehani, leo unalia. Usiniambie habari za mguu wa kulia, kaka yangu. Mama yangu alikuwa na cherehani ya miguu sebuleni, najua kile kibao cha chini: nyayo zote mbili hukaa juu yake. Hata kama wa kulia ndio unaosukuma, wa kushoto unapanda na kushuka nao maelfu ya mara kwa siku, na msuli ule wa kinena unaushikilia muda wote. Ongeza kwamba fundi huinamia sindano. Ukikaa na kuinama, nyonga inakunjwa kupita ile pembe ya mraba ambayo wagonjwa wengi hukatazwa kuipita, kwa wiki 6 mpaka 12, kutegemea daktari alivyofungua. Sare hizo mpe kijana wako ashone, wewe kata vitambaa ukiwa umesimama mezani, kwa vipindi vifupi. Pesa itapungua, najua, na Januari haijirudii mwezi wa tatu. Lakini hiyo nyonga watoto waliichangia.

Hata hivyo mimi naisoma barua tu, sijakushika mguu. Maumivu yaliyoondoka yakarudi ni lazima yaangaliwe, na wewe kliniki uliiruka. Kama Dar ni mbali, na ni mbali kweli, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, basi nenda hospitali ya Maweni, hapohapo Kigoma, wiki hii na karatasi yako ya Kiingereza. Waombe wakupige picha ya nyonga, wakupime damu kuona kama kuna dalili ya maambukizi, na wakutafsirie hiyo karatasi neno kwa neno, maana masharti ya mguu wako yamo humo. Piga simu pia kule ulikofanyiwa upasuaji, ueleze kilichotokea, uulize kama picha inaweza kutumwa na kijana wako kwa simu. Ukiwa Maweni muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo mazoezi ya kuuamsha huo msuli taratibu, akuonyeshe kwa vitendo. Mimi sitayaandika hapa, kwa sababu zoezi linalofaa wiki ya tisa kwa mtu mmoja linaweza kumwumiza mwingine.

Na hilo gongo, lihamishe mkono wa kulia leo hii. Najua inaonekana kinyume, karibu wagonjwa wote hukosea hapo. Gongo moja hushikwa mkono wa upande mzima, linakwenda mbele pamoja na mguu uliopasuliwa, na hapo ndipo uzito unapopungua kwenye nyonga. Ukilishika upande mbovu unaegemea palepale unapotaka kupapumzisha.

Twende kwenye usingizi. Usingizi wako, fundi, una wezi wengi, na maumivu ni mmoja tu, tena si mkubwa kuliko wote.

Mwizi wa kwanza anakuja na buli. Wazee wa Ujiji na kahawa yao nawapenda, lakini kahawa iliyonywewa saa mbili usiku, nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa saba, na saa saba ndiyo saa unayofumbua macho. Wazee waje baada ya alasiri, kahawa iishie hapo. Wakija jioni wape tangawizi, watanung'unika siku mbili. Tena wakija mchana watakuzuia kusinzia, maana huo usingizi wa barazani unautoa kwenye mfuko wa usiku. Ukishindwa kabisa, jilaze nusu saa baada ya adhuhuri, kitandani, si kwenye kiti, shingo ikining'inia.

Mwizi wa pili ni mto wa chini ya goti. Unafariji kwa sababu unaulegeza ule msuli wa mbele, lakini ukilala hivyo kila usiku msuli unazoea kuwa mfupi, na asubuhi ukisimama unavutwa na kuuma zaidi. Utoe. Mguu ulale umenyooka, vidole vikitazama juu. Na huo ubavu wa kushoto uliouzoea utausubiri kwanza, ndio uliopasuliwa. Ubavu wa kulia, daktari wa Maweni akikuruhusu, na kwa wiki ya tisa wengi huruhusiwa, lalia huku umeweka mto mnene katikati ya miguu kuanzia mapajani hadi kwenye kifundo, ili mguu wa kushoto usiangukie ndani. Mto wa sufi uliojazwa vizuri ni mzuri kuliko hivi vya sponji vinavyobonyea. Kama kitanda chenyewe ni cha kamba, kile kiitwacho teremka tukaze, au godoro limefanya shimo katikati, umekaa bondeni usiku kucha na nyonga imekunjwa. Weka godoro gumu. Kitanda kikiwa kifupi, fundi seremala akiongeze miguu, mpaka ukikaa ukingoni goti lako liwe chini ya nyonga. Matofali sikushauri, yanateleza.

Kupanda kitandani: kaa kwanza ukingoni, jisukume nyuma kwa mikono mpaka makalio yafike katikati, halafu zungusha mwili wote pamoja na miguu, kama mlango. Ukihitaji kuuinua ule wa kushoto, pitisha kitenge chini ya unyayo ushike ncha zake mbili, uuvute. Usiinamie kuushika.

Mwizi wa tatu ni dawa unazozipangilia vibaya. Unasubiri maumivu yazidi ndipo umeze, maana yake unaamka kwanza. Parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol yako, za miligramu 500, meza 2 kama saa moja kabla ya kulala, na zisizidi 8 kwa saa 24, ukihesabu na zile zilizofichwa ndani ya dawa za mafua. Diklofenaki acha mpaka daktari aone presha yako na figo zako. Dawa hiyo hupandisha presha, huchubua tumbo, na mzee wa presha anayeimeza asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa ananitia wasiwasi kuliko hicho kinena. Na vidonge vya usingizi? Fikiria: saa tisa usiku, mkojo umekubana, kichwa kizito, gongo mkononi, sakafu ina maji. Ukianguka, fupa la paja linaweza kuvunjika pale chuma kilipopita, na huo ni upasuaji mgumu kuliko wa kwanza. Usiviache ghafla kama umevinywa kila siku kwa wiki nyingi. Nenda navyo Maweni wakupunguzie. Kama uliwahi kupewa tramadol, dawa kali ya maumivu, hospitalini na zimebaki, zisichanganywe na hivyo vidonge hata siku moja, vikikutana vinaweza kuzimisha pumzi.

Kuhusu choo hukusema neno, na wanaume hawasemi, kwa hiyo nasema mimi. Kuchuchumaa kwenye shimo hakufai kwako. Kama unatumia kiti cha plastiki kilichotobolewa, kitupe kabla hakijapasuka katikati ya usiku, kwa sababu plastiki ikikatwa tundu nguvu yake yote imekwenda. Seremala akutengenezee cha mbao, kirefu, chenye pa kushikia pande zote mbili. Usiku usitoke nje kabisa kwenye matope haya. Weka kopo lenye mfuniko na tochi kando ya kitanda, na maji yanywe mchana, upunguze baada ya magharibi. Swala unaijua ruhusa yake kwa mgonjwa: kaa kwenye kiti kirefu, rukuu na sijida kwa ishara. Siku ya kurudi sakafuni atakwambia daktari, na madaktari hawafanani katika hilo, wengine hawaruhusu kamwe.

Mama watoto mrudishe chumbani. Alale upande wako wa kulia, mto mrefu katikati yenu, hatakugonga. Ukilala peke yako gizani unasikiliza kila kichomo. Na kama kuna swali jingine uliloliacha kwa haya, jibu ni kwamba wengi huruhusiwa mambo ya ndani kati ya wiki ya 6 na miezi mitatu baada ya upasuaji, wewe ukiwa chali na bila haraka. Nyonga haina ugomvi na uanaume. Hiyo hofu ni ya ngiri, na ngiri tumeshaimaliza.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Maumivu ya ghafla, mguu ukawa mfupi au umegeuka na huwezi kuukanyagia: nyonga imechomoka, usijaribu kusimama, uchukuliwe ukiwa umelala. Kidonda kutoa maji au usaha, kuwa chekundu na cha moto, au homa isiyo ya malaria. Shavu la mguu kuvimba, kukaza na kuuma, na zaidi ya hapo, kifua kubana au pumzi kukatika, hapo mtu asipoteze muda hata wa kukubadilisha shati. Maumivu ya kinena yanayouma hata ukiwa umetulia kabisa, yakiongezeka usiku baada ya usiku, au yanayokuja kila ukikanyaga, nayo yasikae nyumbani, maana yanaweza kuwa maambukizi au nyonga iliyolegea.

Sasa radi. Sikucheki, nimeishi Kigoma, najua inavyopasuka juu ya ziwa mpaka mabati yanatetemeka. Lakini radi haina pua ya kunusa chuma ndani ya nyama. Hufuata kilicho kirefu na kilichosimama peke yake: mwembe, mnara, mvuvi kwenye mtumbwi katikati ya maji. Kipande ulichowekewa ni kidogo, kimezungukwa na mwili wako, na mwili wenyewe ni maji ya chumvi yanayopitisha umeme hata bila hicho chuma. Jirani yako asiye na nyonga ya bandia, akijikinga mvua chini ya mwembe, yuko hatarini kuliko wewe kitandani. Wingu likitanda, kabla haijanguruma, chomoa chaja ya simu ukutani, zima taa ulale, na ikinguruma usisimame mlangoni. Na mwambie jirani aondoke chini ya huo mwembe.